Mfuko Mmoja, Kuku wa Kila Rika

"Kuku wako wana umri gani, dada?"

Muuzaji ameshika kopo la kupimia, amesimama juu ya magunia matatu yaliyokunjwa midomo. Stata ya vifaranga, groa ya wanaokua, leyasi ya wanaotaga. Nyuma yangu kijana wa bodaboda anataka kilo tano za pumba na haoni kwa nini swali jepesi hivyo linanichukua muda. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kuna koo mwenye vifaranga wachanga. Kuna matembe, yaani majike ambayo bado hayajataga, ya chotara yaliyofika miezi mitatu. Kuna makoo yanayotaga, mmoja analalia, jogoo mmoja, mapora (majogoo wadogo) wawili wanaosubiri Krismasi, na bibi mmoja mkongwe ambaye sijui kama bado anataga au anakula pensheni.

"Sasa nikupimie ipi?"

Nikanunua pumba, nikaondoka.

Nilidhani nimelikwepa swali, kumbe nimelibeba. Wiki zilizofuata nililipeleka kwa kila anayefuga ninayemjua hapa Kibaha, na nikalibeba tena kila nilipomwaga chakula asubuhi na kuona wote, wa juzi na wa miaka mitatu, wamezunguka sahani moja.

Magunia yana umri, uani hakuna

Ratiba ile ya magunia matatu haina kosa lolote. Imetungwa kwa ajili ya banda ambamo kuku wote wameingia siku moja na watatoka siku moja. Wiki nane za mwanzo stata, yenye protini asilimia 18 hadi 20 au zaidi kidogo. Halafu groa, karibu asilimia 16, mpaka wiki ya 18 hivi. Halafu leyasi, ambayo protini yake inakaribiana na ya groa, ila imejazwa madini ya kalsiamu, yaani chokaa, kwa ajili ya ganda la yai.

Uani mambo hayaendi hivyo. Kuku mmoja umeletewa zawadi na shemeji. Mwingine alipotea ukamlilia, akarudi baada ya wiki tatu na vifaranga kumi nyuma yake. Wale chotara uliwanunua sokoni kwa sababu walikuwa wazuri. Hakuna siku kundi zima litafikisha wiki ya 18.

Kuwatenga? Nililipima hilo kwa dhati. Vyumba vitatu, wavu, vyombo vitatu vya chakula na vitatu vya maji, na kila jioni kuamua nani ahamie wapi. Kwa kundi la kuku wa kula familia na kuuza trei chache, ningetumia hela nyingi ya mbao kuliko ya chakula.

Kwa hiyo mfuko ni mmoja. Upi?

Kila mshauri na kuku wake

Mzee jirani yangu hakusita. Nilipomaliza shikamoo tu na kueleza shida yangu, alijibu: "Leyasi kwa wote, mwanangu. Wanaotaga watataga, wadogo watakua. Mbona wangu wapo?"

Ni kweli, wapo. Na wana afya.

Shangazi yangu wa Singida, kwenye simu, alicheka kwanza. Kwake kuku hula pumba, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) na walichochakura wenyewe, na habari ya kununua chakula chenye jina la umri aliiona ya watu wa mjini wenye hela ya kuchezea. Afisa mifugo wa kata naye alisema stata kwa wote, kama mfuko wangu unaruhusu. Wa kwake hauruhusu, aliongeza.

Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza kumwona aliyekosea. Kila mmoja alikuwa anaongea kuhusu kuku aliyemzoea: mzee ana makoo mengi na vifaranga wachache, shangazi ana eneo kubwa na mchwa wa bure, afisa mifugo huitwa pale tu vifaranga wanapokufa.

Basi nikaacha kuuliza watu, nikaanza kuuliza yai.

Gramu mbili

Ganda la yai moja limebeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku anayetaga hula gramu 110 au 120 za chakula kwa siku. Groa ina kalsiamu kama asilimia 1, maana yake kwenye hizo gramu 120 atapata gramu 1 na kitu, na mwili hauchukui yote. Akitegemea groa peke yake na anataga karibu kila siku, upungufu atautoa kwenye mifupa yake. Ataanza na maganda membamba, mwisho miguu inalegea.

Leyasi ina asilimia 3.5 hadi 4. Hapo hesabu inakaa sawa: zaidi ya gramu 4 kwa siku, nusu inaingia, ganda linapatikana.

Sasa weka kifaranga kwenye sahani hiyohiyo. Mahitaji yake ni asilimia 1 hivi, tena yakiwa yamelingana na fosforasi. Anakula mara nne ya anachohitaji, hana yai la kukipeleka, na mlango wa kutokea ni figo. Figo za ndege mdogo zikizidiwa siku baada ya siku huharibika, mkojo hushindwa kutoka vizuri, na ndani hutokea kitu ambacho afisa mifugo alinieleza kwa mkono wake akichora hewani: ukimpasua unakuta unga mweupe kama chaki umepakwa juu ya moyo na ini.

Matembe nao wamo. Kuku wa miezi mitatu ana umbo la mkubwa na ndiyo maana tunamsahau, lakini yai lake la kwanza bado liko mbali: chotara kama Sasso au Kuroiler huanza karibu na mwezi wa tano, wetu wa kienyeji mara nyingi mwezi wa sita au wa saba. Hiyo ni miezi mingi ya kusukuma chokaa isiyo na kazi.

Jogoo? Jogoo mzima huvumilia. Lakini naye hajawahi kutaga.

Kuku wa kienyeji si mtagaji, mara nyingi

Hapa ndipo nilipogeuka, na ningependa tukae kidogo.

Kuku wa mayai wa kisasa hutaga mayai karibu 300 kwa mwaka. Leyasi ilitengenezwa kwa ajili yake, na kwake hakuna siku ya kupumzika. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, analala juu yake siku 21, halafu analea wiki kadhaa, halafu anapumzika kabla ya kuanza tena. Kwa mwaka anatoa mayai 40 hadi 60 hivi. Toa vidole uhesabu: sehemu kubwa ya mwaka kuku huyu si mtagaji kabisa. Ni mlaliaji, ni mlezi, ni mtu wa mapumziko.

Tunamnunulia leyasi mwaka mzima kwa jina la kazi anayoifanya miezi michache.

Na wakati ule asiotaga ndio hasa ana vifaranga.

Umewahi kumtazama koo akila na watoto? Yeye mwenyewe hali kitu. Anadonoa punje, anaiachia, anaidonoa tena huku analia ile sauti ya haraka ya kuita, na vifaranga wanakimbilia mdomoni kwake. Anachokichagua yeye ndicho wanachojifunza kuwa chakula. Kwa hiyo ile dhana kwamba "wadogo watajilia vyao pembeni" haina mahali pa kusimama. Ukimwekea mama leyasi, mama mwenyewe atawalisha watoto leyasi, kwa bidii na kwa upendo wote.

Baada ya kuliona hilo swali la dukani likabadilika. Nikaacha kutafuta chakula kinachomfaa mtagaji ambacho wengine watakivumilia. Nikatafuta chakula kisichomdhuru mdogo kabisa, kisha nione namna ya kumfikishia mtagaji kilichopungua.

Mbona wa mzee wapo?

Nilirudi kwake na hesabu zangu, maana ushahidi wake wa macho nisingeweza kuufunika tu kwa asilimia.

Tulikaa chini ya mwembe wake tukawatazama. Kuku wake hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hushindia kwenye migomba ya watu, hula wadudu, majani, ukoko wa wali, mahindi yaliyomwagika kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Leyasi wanaipata kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kalsiamu ya asilimia 4 ikichanganyika na siku nzima ya kuzurura inapungua sana. Na leyasi anayonunua imechanganywa dukani, gunia halina karatasi yoyote ya kueleza kilichomo. Huenda chokaa yenyewe waliipima kwa jicho.

"Kwa hiyo nimeokolewa na wizi wa kuku wangu," akasema.

Vifaranga wanaokufa kwake, na wapo kama ilivyo kwa kila mtu, huandikwa kwa jina la ugonjwa wa kideri au mwewe. Inawezekana kabisa ni kideri na mwewe. Sikumwambia vinginevyo. Mzee hatumii mfuko mmoja vibaya. Kundi lake tu linakula dukani kidogo na porini sana. Ukifungia kuku wako ndani ya uzio kama mimi, kila kilichomo kwenye gunia kinahesabika.

Chokaa ikae peke yake

Marekani, ambako watu wengi wa mjini wamerudia kufuga kuku uani, viwanda huuza mfuko maalumu wa kundi lililochanganyika: protini kati ya asilimia 16 na 20, kalsiamu kama asilimia 1, na makombe ya chaza huwekwa kwenye chombo kingine. Duka langu halina mfuko wa namna hiyo, lakini ukiisoma karatasi yake vizuri ni groa nzuri tu na bakuli pembeni. Basi nikachukua groa kwa wote.

Shaka yangu ilikuwa kwenye bakuli. Kuku atajuaje kwamba anahitaji kalsiamu? Na vifaranga, ambao hudonoa hata misumari, kitawazuia nini?

Nilianza na chokaa ya unga, ile ya mifugo. Hawakuishughulikia. Upepo uliila zaidi. Nikabadilisha nikaweka makombe ya chaza yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mtama, na huku Pwani makombe hayatafutwi mbali. Mambo yakawa mengine. Makoo yanayotaga walikwenda wenyewe, na saa yao ni ileile: alasiri kuelekea jioni. Asubuhi wanapita bakuli hilo kana kwamba halipo.

Sababu iko ndani ya mwili wao. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku kuku akiwa amelala na hali kitu. Hamu ya kalsiamu humpanda jioni. Vipande vikubwa vya kombe hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole usiku kucha, wakati unga hupita mapema. Kuku anayelalia na anayelea nilimwona akidonoa mara moja moja tu, bila shauku.

Vifaranga wangu walijaribu, wakatema, wakaendelea na shughuli zao. Hata hivyo sikuwaamini. Chombo nimekining'iniza usawa wa kifua cha kuku mkubwa, kifaranga hakifikii.

Matembe ndiyo walionifurahisha. Majuma mawili hivi kabla ya yai la kwanza, mifupa mirefu ya kuku jike huanza kuweka akiba ya kalsiamu. Upanga unakuwa mwekundu, anaanza kuchuchumaa ukimkaribia, na bila mtu kumwambia anakwenda kwenye makombe. Ule usumbufu wote wa kujiuliza nibadilishe gunia lini ukaniondoka. Kila tembe analibadilisha mwenyewe siku yake ikifika.

Tahadhari mbili, kwa sababu nimeulizwa. Chokaa ya kujengea na kupaka ukuta si ya kuku. Ile iliyozimwa kwa maji huunguza. Inayotakiwa ni mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo, au makombe. Na maganda ya mayai ya jikoni yanafaa sana, ila yakaushe kwa moto kwanza kuua vijidudu na uyaponde mpaka yasifanane na yai. Kuku akishajua yai linaliwa, hutamrudisha nyuma.

Changarawe ndogo za kusagia chakula kwenye firigisi ni jambo jingine. Hizo hazina kalsiamu ya kutosha ganda, wala makombe hayafanyi kazi yao, kwa kuwa yanayeyuka.

Lakini kifaranga anataka zaidi

Groa ililinda figo, haikumaliza deni. Asilimia 16 ya protini ni ndogo kwa kifaranga wa wiki ya kwanza, ambaye anajenga misuli na manyoya kwa wakati mmoja. Stata kwa wote ingetatua hilo, ila jogoo na bibi mkongwe wangekula protini ya bei ya juu ambayo mwisho wake ni mbolea ya mchicha. Siichukii mbolea ya mchicha. Ila ina njia rahisi zaidi.

Njia niliyoiona nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, bila yeye kuiita kwa jina lolote, ni tenga. Alikuwa analifunika chini kukinga vifaranga na mwewe. Mimi nimelinyanyua kwa matofali, vifaranga wanapita chini, mama anabaki nje akilalamika. Ndani ya tenga kuna groa ileile ya wote, iliyoongezwa dagaa waliosagwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Dagaa wakavu wazuri wana protini kama asilimia 55. Kilo 9 za groa ya asilimia 16 na kilo 1 ya dagaa zinakupa karibu asilimia 20. Wana mifupa, kwa hiyo huongeza kalsiamu kidogo, lakini kwa kipimo hicho hawafiki popote karibu na leyasi. Waonje kwa vidole kabla ya kulipa: dagaa wa kuku mara nyingi huja na mchanga mwingi, na mchanga hauna protini. Wala usiwamwagie wanaotaga kwa wingi, mayai yatanuka samaki na wateja watakwambia.

Kwa nini si mashudu ya alizeti, ambayo ni rahisi zaidi? Nilimkatalia shangazi kwa hili, naye hajanisamehe. Mashudu yana protini, lakini yana nyuzinyuzi nyingi kwa tumbo la kifaranga na ni maskini wa laisini, kiini cha protini ambacho ndege anayekua hawezi kukosa. Dagaa na soya wanayo. Kwa kuku wakubwa mashudu yake ni sawa kabisa, na hilo nilimwambia pia.

Kilichokuja bila kuitwa

Mfuko mmoja unaisha haraka. Nilipokuwa na aina mbili ndani, moja ilikuwa inabaki mpaka inaanza harufu ya ukungu, hasa masika. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na pumba na mashudu ya kuku yanatoka kwenye mazao hayohayo. Ndege wadogo ndio huumia mapema. Gunia linaloisha kabla halijapata unyevunyevu, likiwa juu ya mbao na si sakafuni, limeniondolea hofu ambayo sikuwa nimeihesabu kwenye swali la mwanzo.

Pale mfuko mmoja unaposhindwa

Vifaranga wa siku moja kutoka kwenye mashine ya kutotolea, bila mama, ndani ya boksi lenye taa: hao nawanunulia stata, wiki nane, bila ubishi. Hawana mchwa, hawana mtu wa kuwaitia mdudu, na kila kinachoingia tumboni kimetoka kwenye mfuko niliochagua mimi. Wakishazoea uani ndipo wanahamia kwenye groa ya wote.

Na kama una makoo ya mayai tu, wa rika moja, wamefungiwa, wanataga kila siku na hakuna kifaranga anayepita hapo, chukua leyasi. Ilitengenezwa kwa ajili yao na hakuna haja ya kuning'iniza bakuli lolote.

Wengine wote kwangu wanakula gunia la katikati. Yule mkongwe, kwa taarifa ya walioniuliza, juzi nilimkuta jioni kwenye makombe, anadonoa kwa kasi. Ama amerudi kazini, ama ni uroho tu. Nitajua nikikuta yai kule kwenye kuni, maana kwenye kiota cha banda hajawahi kutaga hata mara moja.